"Mtandao Hakuna" Si Jibu

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi nanyi. Wachapishaji nimewaacha, na wazee wanaotuambia riwaya ziliisha enzi zao nimewaacha pia. Ugomvi wangu ni juu ya maneno mawili ambayo yamekuwa kama dua midomoni mwetu: mtandao hakuna. Muswada haukumfikia mhariri? Mtandao hakuna. Shindano la hadithi limefungwa saa sita usiku nawe hukutuma? Mtandao hakuna, bwana. Ukishasema hivyo unapewa pole, kisha mnahamia kwenye mpira.

Mimi nauliza: hakuna wapi?

Eti hilo ni swali la mafundi! Ndivyo alivyonijibu mshairi mmoja kijiweni: sisi ni watu wa sanaa, mitambo tuwaachie wenyewe. Akasema kwa majivuno, kana kwamba kutojua ni digrii. Basi nisikilizeni mimi niliyeishia kidato cha nne.

Kwanza tutenganishe vitu viwili tunavyovikoroga kama uji. Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni redio tu, mawimbi yanayotoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako, humo humo ndani. Intaneti ni safari inayoanzia nyuma ya rauta: waya wa faiba au laini, kisha mitambo ya kampuni, kisha nyaya za chini ya bahari. Simu ikionyesha Wi-Fi imejaa na bado hakuna kinachofunguka, njia kutoka kwako hadi kwenye rauta ni nzima. Tafuta kuanzia kwenye rauta kwenda nje. Kama jina la Wi-Fi yako halionekani kabisa, tafuta ndani. Anayesema "mtandao hakuna" kwa yote mawili ni sawa na mganga mwenye dawa moja ya malaria na ya jino.

Haya, tazama taa. Taa ya umeme haiwaki? Angalia soketi, adapta na LUKU. Rauta nyingi za faiba zina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haukufikii. Waya umekatika, umechomoka au umekunjwa mno, maana ndani yake mna uzi wa kioo, na ukiubana kwa mguu wa kitanda usilaumu Serikali. Hapo kuzima na kuwasha mara mia ni kupoteza muda. Piga simu.

Taa ni nzuri lakini hakuna kitu? Angalia kama kifurushi kimeisha. Hakijaisha? Ichomoe rauta kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe, iache dakika tatu ijipange. Huo si uchawi. Rauta ni kompyuta ndogo, nayo huchanganyikiwa ikikaa muda mrefu bila kuzimwa. Ila kile kitundu cha kuchokoa kwa pini kiache kama kilivyo! Ukikibonyeza sekunde kadhaa kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile uliyowekewa na kampuni.

Bado? Jaribu simu nyingine. Ya mwenzako ikipata, mgonjwa ni simu yako. Kisha chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja. Ikienda vizuri kwa waya na kusuasua kwa Wi-Fi, shida ni redio. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yenye msongamano. Ya gigahezi 5 yana kasi ila ukuta wa tofali huyachosha haraka. Kwenye nyumba za kupanga, ambako kila mlango una rauta yake, kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani. Na rauta itoe nyuma ya friji, weka juu, mahali pa wazi. Chuma ni adui wa mawimbi.

Wapo watakaosema: "Kwani matatizo yote yako nyumbani?" La hasha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku ile aliyesema mtandao unasumbua alisema kweli. Lakini ukweli wa siku ile umegeuzwa blanketi la kufunikia uzembe wa kila siku. Nyumbani kwetu tuliwahi kukaa siku tatu bila intaneti. Kila tukipiga simu, kampuni ikatujibu kwa sauti ya upole: ni tatizo la nchi nzima. Nchi gani hiyo, wakati jirani wa ukuta mmoja, mteja wa kampuni hiyo hiyo, anatazama filamu? Nikawaambia: taa ya LOS ni nyekundu tangu juzi saa kumi jioni, waya wa ndani nimeukagua, jirani anapata. Sauti ikabadilika, na jioni ile ile fundi akaja na ngazi. Waya ulikuwa umekatikia kwenye nguzo.

Mnaona? Kujua ndiko kunakodai haki. Asiyejua hubaki anaomba, tena anaomba kwa adabu, huku pesa yake ya mwezi imeshaliwa.

Mwingine atasema: basi fundi atakula nini? Fundi wa kweli ana mashine ya kuunga ule uzi wa kioo, nami namlipa kwa moyo mweupe. Lakini kumlipa mtu nauli na elfu kumi aje achomoe waya na kuurudisha, hiyo si ajira, ni kodi ya uvivu.

Hoja moja naikubali: mipangilio ya rauta nyingi ni Kiingereza kitupu, na karatasi iliyomo ndani ya boksi ndivyo hivyo. Kampuni zinazochukua shilingi zetu zione aibu. Lakini sisi je? Tunaojiita walinzi wa Kiswahili, ni nani kati yetu ameandika ukurasa mmoja wa kueleza taa ile kwa lugha ya mama yake, akaubandika ukutani? Tunasubiri wataalamu watuletee neno "kipanga njia", kisha tunalicheka. Mtaani watu wamekwisha sema rauta, na rauta itaeleweka. Lugha hukua kwa kutumiwa kwenye shida za watu, si kwa makongamano.

Na hili linahusu hadithi zetu pia. Nimesoma miswada ya wenzangu: ghafla gari likapinduka, ghafla mjomba tajiri akatokea, ghafla akafa. Kila penye fundo, ghafla! Mwandishi asiyeuliza kwa nini taa ni nyekundu atauliza lini kwa nini mhusika wake analia? Kutafuta chanzo, kutenga hiki na kile, kujaribu kimoja kimoja, ndiyo kazi tunayodai kuiweza.

Mwenye kupinga na aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Ila barua yake ikichelewa, atuambie na taa ilikuwa rangi gani.