Magurudumu Matatu na Maneno ya Watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme machache juu ya ubishi ambao muhula huu umetukosesha usingizi bwenini. Ubishi wenyewe ni huu: bajaji ipi ni bora, Bajaj au TVS? Wenzangu wamegawanyika pande mbili kama watu wa Simba na Yanga. Hawa wasema Bajaj ndiyo bajaji yenyewe, na vipuri vyake hupatikana kila duka. Hizo nyingine ni za kuiga tu. Wale wajibu kwamba TVS hukaliwa vizuri zaidi, na kwamba haichoki mlimani. Taa huzimwa, nao wangali wanabishana gizani. Mimi nilinyamaza siku zote, nami nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Nitaieleza mbele.

Kwanza tuvitazame vyombo vyenyewe. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa kigari cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape, yaani nyuki, kwa sababu watu baada ya vita walikuwa hawana fedha za kununua motokaa. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kazi hii kwa idhini ya Piaggio, na mwaka 1959 ilipata ruhusa ya Serikali ya India ya kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu. TVS nayo ni kampuni ya India, na King yake ilitoka mwaka 2008. Basi asemaye kwamba TVS imeiga, na ajue kuwa hata Bajaj ilikuwa na mwalimu wake.

Tena tofauti zao si kubwa kama kelele za bwenini. Zote mbili zina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, usukani kama wa pikipiki, injini ndogo nyuma, na kiti cha abiria watatu. Bajaj ilitangulia kufika kwetu, kwa hiyo jina lake likawa jina la zote. Mtu akisimama Kijenge akaita "Bajaji!", ikaja TVS, hupanda bila kuuliza neno. Hata mwenye TVS, ukimwuliza kazi yake, atakujibu kwamba yeye ni dereva wa bajaji.

Ubishi wa namna hii haupo Arusha tu. Huko Marekani na Kanada wapo matajiri wanaonunua vyombo vya magurudumu matatu kwa ajili ya mchezo na mbio, wala si kwa kubeba watu sokoni. Can-Am Spyder ilitolewa mwaka 2007, nayo hupandwa kama pikipiki. Polaris Slingshot ilifuata mwaka 2014, nayo ina viti viwili ubavu kwa ubavu na usukani wa duara kama wa motokaa. Wenye hii huwacheka wenye ile, na watu wengine huwacheka wote, wakisema kwamba hicho si pikipiki wala si gari.

Tazameni na Uingereza. Morgan walianza kutengeneza gari la mbio la magurudumu matatu mwaka 1909, na mpaka leo watu hulisifu. Lakini Reliant Robin, iliyotoka mwaka 1973, ilifanywa kichekesho cha nchi nzima. Ilikuwa ni gari la mtu wa kipato kidogo, maana kodi yake ilikuwa nafuu na mwenye leseni ya pikipiki aliruhusiwa kuiendesha. Magurudumu ni matatu kwa matatu, lakini moja lapewa heshima na jingine lapewa kicheko. Je, ni magurudumu yaliyochekwa, au ni mfuko wa mwenye gari?

Najua mtu atanijibu, "Bajaji huchekwa kwa kuwa hupinduka." Jambo hili lina ukweli ndani yake, nami sitaki kulificha. Chukueni kigoda cha miguu mitatu. Kigoda hicho hakiyumbi hata kikiwekwa penye mabonde, kwa sababu miguu mitatu yote hugusa chini daima. Lakini mwenye kukikalia akiegemea upande usio na mguu, huanguka. Bajaji ni hivyo hivyo. Nyuma ni pana, na mbele penye gurudumu moja ni pembamba. Dereva akifunga breki huku anakata kona, uzito hukimbilia mbele na pembeni, yaani pale pale pasipo na gurudumu. Ndiyo maana Morgan, Spyder na Slingshot zina magurudumu mawili mbele na moja nyuma, nazo zimelala chini. Zilifanywa kwa ajili ya mwendo mkali. Bajaji ilifanywa kwa ajili ya mwendo wa pole na njia nyembamba, igeuke mahali ambapo daladala haiwezi.

Basi abiria watatu wakikaa kwenye kiti chao, uzito hukaa nyuma penye upana, na chombo hutulia. Lakini sote twaijua desturi ya hapa mjini ya kumpakia mtu wa nne ubavuni mwa dereva, na pengine wa tano ubavu wa pili. Watu hao hukaa mbele, palipo pembamba! Mwaka jana niliona kwa macho yangu bajaji ikipinduka kwenye mteremko wa kushukia Sakina, wakati wa mvua. Ilikuwa na watu wawili ubavuni mwa dereva, na mikungu ya ndizi nyuma. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Waliokusanyika wote walisema neno moja, "Ndivyo zilivyo bajaji." Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwa imepakia watu wangapi.

Sasa nieleze sababu ya kunyamaza kwangu. Baba yangu ni dereva wa bajaji. Yake ni TVS, ya rangi ya bluu, nayo ndiyo inayonilipia nauli, madaftari na sare. Siku ya wageni ya muhula uliopita alikuja nayo kutoka Kwa Mrombo mpaka huku juu, akaiegesha getini baina ya motokaa za wazazi wengine. Alikuwa ameniletea loshoro katika ndoo ndogo, na jozi ya viatu. Mwenzangu mmoja akacheka, akaniuliza, "Yule ni nani wako?" Nami nikajibu, "Ni dereva tu, ametumwa kuniletea mzigo."

Baba alikuwa karibu. Sijui kama alisikia. Alinikabidhi ndoo, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, akaitika marahaba, akaniuliza habari za masomo. Kisha akasema kwamba abiria wanamngoja, akaondoka. Kwa kawaida hukaa mpaka kengele ya jioni.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana. Baba hapakii mtu wa nne. Mara nyingi nimemwona akiwakatalia watu kituoni, nao wakamtukana na kupanda bajaji nyingine, naye akarudi nyumbani na fedha pungufu. Kwenye kona hupunguza mwendo kabla ya kufika, wala hafungi breki katikati. Sisi tusomao fizikia twaandika mambo hayo katika mtihani tupate alama. Yeye huyatenda kila siku, na watu hufika kwao salama. Nami nilimkana mtu huyo kwa ajili ya kicheko kimoja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ndugu zangu wa bwenini, ubishi wa Bajaj na TVS hauna maana kubwa. Ulizeni dereva ni nani, na amepakia watu wangapi. Wazazi wetu, mkiona kiti kimejaa, ngojeni nyingine. Msimshurutishe dereva awabane ubavuni mwake, kisha mkalaumu chombo. Nanyi walimu, naomba siku moja mtufundishe somo la uzito na mizani penye bajaji yenyewe, pale getini, maana wengi wetu tutapanda bajaji maisha yetu yote.

Siku ya wageni ya muhula huu imekaribia. Nimemwandikia Baba barua nikimwomba aje nayo, na kwamba nitamngoja getini mwenyewe. Yule mwenzangu aliyeniuliza, akitaka, na aje nimtambulishe.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne