Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Katika mikataba ya biashara ya Afrika Mashariki, asiyekuwapo amekuwa mwananchi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, unatamka kuwa mtangamano utamlenga mwananchi, na ibara yake ya 127 inaahidi asasi za kiraia nafasi. Ahadi njema. Hata hivyo, Novemba 2007 nchi tano za Jumuiya zilipotia saini za awali za mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, mkulima atakayeshindana na bidhaa za Ulaya alikuwa nje ya mlango. Mwaka huohuo wakulima wadogo wa Kenya walikimbilia mahakamani. Hukumu ikatoka Oktoba 2013, ikiiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau. Miaka sita kudai haki ya kuulizwa tu!

Wako wadaio kuwa biashara ni fani ya wataalamu, na kwamba umma ukiingia, mambo hukwama. Basi na watazame kilichotokea. Wataalamu walikamilisha majadiliano Oktoba 2014, soko likitakiwa kufunguliwa kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za Ulaya katika miaka 25. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini. Novemba Bunge la Tanzania likakataa. Kenya ikaishia kwenda peke yake, na mkataba wake ukaanza kutumika Julai 2024. Ni kweli maslahi yalitofautiana: Kenya ilichelea ushuru juu ya maua yake, ilhali majirani zake, wakihesabiwa nchi maskini zaidi, walikuwa na njia nyingine ya kuingia Ulaya bila ushuru. Lakini tofauti hiyo ilijulikana tangu mwanzo. Ilistahili kujadiliwa hadharani kabla ya kalamu kushikwa.

Asasi nazo zijitazame. Warsha ya hotelini inayoendeshwa kwa Kiingereza haimfikishi mvuvi wala mkulima wa karafuu mezani. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi. Basi rasimu zitoke kwa Kiswahili, zisomwe barazani na sokoni, zipingwe au zikubaliwe, ndipo zitiwe saini. Kumwuliza mtu baada ya saini si kumshirikisha. Ni kumpa taarifa ya msiba.