Chura Aliyeachwa Hai

Upo utetezi unaosikika kila walipo vijana na simu, Darajani Unguja iwe au Tunduma mpakani: kwamba hila ndani ya mchezo si hila, maana hakuna aliyedhulumiwa. Mchezo ni wake aliyeununua, usiku ni wake, na kidole ni chake. Utetezi huu una sura ya haki, na kwa sababu hiyo hiyo wastahiki kupingwa.

Uchukuliwe mfano wa Final Fantasy Tactics, mchezo uliotolewa Japani na kampuni ya Square mwaka 1997 chini ya uongozi wa Yasumi Matsuno, ukarudi kwa sura mpya mwaka 2007 na tena 2025. Huchezwa kwa zamu juu ya uwanja wa miraba, na mpenzi wa bao hatauona mgeni kabisa. Lakini askari hupata alama za uzoefu kwa kila tendo lililofaulu, si kwa ushindi. Hapo ndipo panya alipotoboa. Mchezaji huwaua maadui wote ila mmoja. Huyo humgeuza chura, asiweze kumdhuru mtu. Kisha huwaamuru askari wake wapigane mawe wao kwa wao, huyu akirusha, yule akitibu, usiku kucha, hata wafike daraja la 99. Mjanja kuliko huyo hutafuta mtego unaomshusha daraja anayeukanyaga. Hushuka akiwa na kazi ambayo haimpunguzii mengi, hupanda tena akiwa na kazi imara, na kila mzunguko humzidishia nguvu. Kushuka kumekuwa ngazi!

Mtetezi wa Tunduma ana hoja ya nyumbani. Mji huo wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umepakana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba njia za panya ni nyingi. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019, na njia hizo hazikufa. Shehena ikigawanywa magunia, yakavushwa moja moja kwa baiskeli, wapo wanaoita akili. Basi mchezaji ana kosa gani kupita palipo wazi?

Mfano huo humwangusha aliyeuleta. Mwenye baiskeli ana wa kumwogopa: askari, giza, na mwenye mali anayengoja. Akikamatwa, mtaji umekwenda. Mwenye chura hana wa kumwogopa. Na hofu ndiyo iliyokuwa tamu ya mchezo ule: askari aliyeanguka asipofufuliwa ndani ya zamu tatu hupotea moja kwa moja, na jina lake halirudi tena kikosini. Mchezaji aliyewahi kumpoteza mmoja kwa pupa yake hulikumbuka jina hilo. Aliyewalea wote kwa mawe hana jina la kukumbuka, ana tarakimu.

Wasomaji wa mashairi hawana haja ya kufafanuliwa zaidi. Muyaka bin Haji alijibizana na Zahidi Mngumi katika ushindani wa Mombasa na Lamu, na makali ya ulimi wake yalinolewa na mtu aliyeweza kumrudishia. Malenga anayejitungia hoja dhaifu ili aijibu kwa beti mia anaweza kutimiza vina na mizani bila kasoro. Ni chura wake huyo. (Na wamo wengi, wala si wa bara peke yao.)

Kosa la kwanza ni la watunzi wa mchezo, waliolipa tendo badala ya matokeo, hilo lisifichwe. Ila kinachoudhi zaidi kimo ndani ya hadithi yenyewe. Ramza hupigania haki na jina lake likafutwa katika tarehe. Delita, rafiki yake wa utotoni, hupanda kwa kuwakanyaga wote waliomwamini. Orran, aliyeandika ukweli wa Ramza, huchomwa moto. Mchezaji huyasoma haya, humlaani Delita, kisha hurudi uwanjani kuwapiga mawe wenzake mwenyewe ili apande. Delita huupata ufalme. Mwisho wa hadithi mkewe Ovelia humchoma kisu, katikati ya maua aliyomletea.