Mwalimu, hiyo Facebook si ilifungwa?

Mimi ni mwongoza watalii hapa Bwera. Huwapeleka wageni kwenye mashamba ya kahawa ya miinuko ya Rwenzori, huwashusha Katwe wakaone wachimba chumvi, na wakipenda tunamalizia soko la Mpondwe.

Majuzi tuliitwa Kasese mjini kwa siku mbili za mafunzo ya ujuzi wa kidijitali katika utalii. Tulijaa ukumbi: waongozaji, wapagazi wa mlimani kutoka Kilembe na Nyakalengija, akina mama wanaouza vikapu. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ya mwalimu. Siku ya kwanza yote tulitazama ukutani namna ya kufungua ukurasa wa Facebook. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo Facebook si ilifungwa?" Watu wakacheka. Mwalimu akasema tutumie VPN kukwepa kizuizi, akaendelea na slaidi yake.

Mama yule hakuwa anatania. Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. VPN inakula bando, na bando lenyewe tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12, baada ya kuondolewa ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kila siku, tuliyoanza kukamuliwa 2018. Mpagazi wa Kilembe aweke video ya theluji ya kilele cha Margherita kwa bando la nani?

Halafu kuna la kwetu sisi wa mpakani. Ukiwa karibu na Mpondwe, simu huhamia yenyewe kwenye mtandao wa Kongo, na saa yake hurudi nyuma saa nzima, maana Kasindi ng'ambo ya pili wanafuata saa nyingine. Mwaka jana wageni wawili waliniandikia moja kwa moja, bila kampuni ya Kampala katikati. Bahati ya mtende! Tukakubaliana tukutane saa moja asubuhi. Usiku simu ikavuka mpaka nami nimelala. Kengele ikalia, nikaoga, nikanywa chai bila haraka, na nilipofika hotelini ilikuwa saa mbili. Wageni walishaondoka na mwingine. Dawa yake ni kuzima saa inayojirekebisha na kuchagua mtandao mwenyewe. Ni kazi ya dakika mbili, nami nilifundishwa na kijana wa bodaboda. Kwenye mafunzo jambo hili halikutajwa, kwa sababu hakuna aliyetuuliza tunakwama wapi.

Vyeti tulipewa, na fulana pia. Nasikia awamu ya pili inakuja. Waandaaji, fedha za fulana zigeuzeni bando. Njooni Bwera, tufundishwe kwa simu hizi hizi tulizo nazo, jinsi ya kumjibu mgeni, kupanga bei na kupokea malipo kutoka nje. Ila msije siku ya soko, hamtatupata. Na wabunge wetu wamjibu yule mama.

Mwongoza watalii,
Bwera, Kasese