Ng'ombe hukaushwa, mama je?

Na Tumaini Sanga

Mfugaji wa Rungwe hahitaji semina ya kumweleza maziwa yanatoka wapi. Ng'ombe akibakiza miezi miwili hivi kuzaa, humkausha, hamkamui tena. Humwongezea pumba na mashudu, na kijana wa nyumbani huambiwa alete matete mabichi, siyo mabua. Ndama akizaliwa, dang'a ni yake, tena ndani ya saa chache, kwa sababu huzaliwa bila kinga na baada ya kama siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea kutoka kwenye maziwa. Hakuna anayemsukuma mfugaji kufanya hayo. Anajua kwamba ukimpunja ng'ombe umempunja ndama, na dumu halitajaa.

Mkewe je? Ana mimba ya miezi minane, anapandisha kilima na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mwingine mgongoni. Huyo hakuna aliyemkausha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulitutia aibu. Iringa, watoto asilimia 56.9 wa chini ya miaka mitano wamedumaa; Njombe ni asilimia 50.4. Taifa zima ni asilimia 30. Nasi ndio tunaojigamba kulisha nchi mahindi na viazi! Kila udumavu unapojadiliwa, mjadala huishia palepale: akina mama wapewe elimu ya lishe. Elimu ni nzuri. Ila nani anamlisha huyo mama?

Katika Hifadhi ya Ruaha, ambayo Iringa na Mbeya tunagawana, hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti na kuziba mlango kwa udongo na kinyesi, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani hunyonyoka manyoya ya kurukia. Hawezi kwenda popote. Kwa wiki kadhaa dume ndiye anayehangaika huku na huko, analeta panzi, mende, mbegu, anapenyeza ufani, anaondoka tena. Makinda yakikua kidogo, jike huvunja ukuta akatoka, makinda yakauziba upya, na wazazi wote wawili huanza kuhemea.

Mbwa mwitu nao, ambao Ruaha ni moja ya ngome zao, humwacha mama pangoni na watoto. Kundi likirudi kutoka mawindoni humtapikia nyama yeye na watoto wake. Hata mbung'o, adui wa kila aliyefungua dirisha la gari kule, hulea buu mmoja tu kwa wakati, tumboni, kwa maziwa ya mwilini mwake. Asipopata damu ya kutosha, buu hutoka dhaifu au mimba huharibika.

Sisemi wanyama wote ni waungwana. Simba wakubwa hujichana kwanza, na mawindo yakiwa haba watoto wao hufa njaa. Nikitazama sahani zetu, firigisi kwa baba, mapaja kwa wageni, mama na mchuzi, naona ni nani tuliyeamua kumwiga.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa kike siku 84 za uzazi, na baba siku tatu. Siku tatu! Hondohondo dume angecheka. Na hizo ni za walioajiriwa. Mwanamke wa shambani hana hata moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri zetu. Afisa mifugo akiitisha kikao cha ng'ombe wa maziwa, wanaume hujaa hadi nje. Afisa lishe apewe nafasi siku hiyohiyo, mara tu baada yake, kabla hawajatawanyika. Ajenda iwe moja: mama akifikisha miezi saba, nani atachota maji, nani atabeba kuni, na nani atakula firigisi.