Baridi Haimtunzi Mzee

Kuna ndoto inayozunguka maofisini Dar es Salaam, hasa kwa watu waliobakiza miaka mitatu minne kufika 60. Ndani yake mna bati la kijani, bustani ya waridi, kikombe cha chai barazani na ukungu uliolala bondeni. Ndoto yenyewe iko Lushoto, ama Njombe, ama vilimani juu ya Arusha. Wenzetu wa Nairobi wameipeleka Nanyuki. Mwenye nayo ukimuuliza atakujibu bila kusita: "Nikipokea mafao tu, napanda zangu juu. Hewa safi, baridi, malaria hakuna. Kule watu wanazeeka vizuri."

Wanaozeeka vizuri kule hawatunzwi na baridi. Najua kuna watakaonuna, wengine wameshalipia kiwanja, lakini heri wanune sasa wakiwa bado na meno. Katika imani zote anazoweza kuwa nazo mstaafu, hii ndiyo ghali kuliko zote, maana inalipiwa kwa fedha isiyopatikana mara ya pili.

Tuanzie ilikotoka. Wajerumani walipoitawala nchi hii, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Maofisa walipanda kule kukimbia joto la pwani na homa zake, kama Waingereza wa India walivyokuwa wakihamishia serikali yao Simla kila kiangazi tangu 1864. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ikawa nyepesi zaidi. Lakini angalia walivyoutumia mlima: afisa anapanda, anapumzika, nguvu zikimrudia anashuka kazini. Uzee wake alitarajia kuumalizia kwao, karibu na ndugu zake na daktari wake. Sisi tumeichukua nyumba yake ya mapumziko tukaifanya nyumba ya kuzeekea.

Hoja ya malaria ina ukweli wake. Mbu anayeieneza hapendi baridi, ingawa hata Usambara imewahi kupata milipuko. Ila muulize daktari yeyote kinachowaangusha wastaafu wetu siku hizi: atakutajia presha, kisukari, kiharusi na figo. Na baridi haina urafiki na presha. Mwili ukipigwa na baridi mishipa ya damu hujikaza, presha hupanda, moyo hubeba mzigo wa ziada. Ulaya vifo vya maradhi ya moyo huongezeka kila majira ya baridi, na ajabu ni kwamba nchi zenye baridi ya wastani kama Ureno zimekuwa zikiumia kuliko zile za kaskazini zenye theluji. Sababu ni nyumba. Kaskazini wamejenga kwa ajili ya baridi. Ureno wengi hawakujenga hivyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza joto la ndani ya nyumba lisishuke chini ya nyuzi 18 katika misimu ya baridi, na kwamba wazee huenda wakahitaji zaidi ya hapo.

Sasa ingia kwenye nyumba ya kawaida ya milimani usiku wa Julai. Ukuta wa tofali, paa la bati, dirisha la vioo vya kupishana ambavyo hata ukivifunga upepo unapita ukisalimia. Hakuna mfumo wa joto, na mahali pa kuotea moto, kama papo, pamejaa maboksi. Taulo la jana bado bichi, godoro lina harufu ya unyevu, na sakafu ya bafuni mtu anaikanyaga kwa ncha za vidole. Mzee anaamka saa 8 usiku kwenda haja, kwa sababu wazee huamka, anatoka kwenye blanketi tatu anaingia kwenye baridi hiyo akiwa na usingizi na presha yake. Hapo ndipo linapoingia jiko la mkaa chumbani. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala nalo mlango umefungwa wakakutwa asubuhi wamekufa. Gesi ya mkaa haina harufu wala haibishi hodi.

Halafu kuna mandhari. Dalali wa milimani hauzi nyumba, anauza mwonekano: "Mzee, ukisimama hapa unaliona bonde lote." Kweli unaliona, na unaliona kwa sababu umesimama kwenye mteremko. Anayelipia mandhari analipia na kupanda na kushuka, kila siku, kwa magoti yake mwenyewe. Msingi wa mteremko unakula saruji na nondo kuliko wa tambarare, na bado utahitaji ukuta wa kuzuia udongo. Mwalimu mstaafu mmoja ninayemfahamu alijenga juu kidogo ya Soni. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwake ni ngazi za udongo mwekundu zilizochongwa kwa jembe, kingo zake zimezuiwa kwa magogo ya mkaratusi. Masika zikiteleza hushuka akiwa ameshikilia kamba ya katani aliyoifunga mti kwa mti. Bodaboda inaishia chini. Mtungi wa gesi unapandishwa na kijana kwa malipo, mfuko wa unga kwa malipo, na siku kijana akienda mnadani, mwalimu anakula kilichopo. Mandhari yake, nakiri, ni nzuri mno.

Lakini hayo ya ngazi ni madogo ukilinganisha na barabara. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na mvua kubwa zinapokuja udongo huporomoka na kuifunga. Hospitali ya wilaya ipo, na wahudumu wake wanafanya wanachoweza. Ila kiharusi kinataka kipimo na bingwa ndani ya saa chache. Ukishafika Mombo, hospitali ya Bombo ya Tanga na ile ya KCMC ya Moshi kila moja bado iko zaidi ya kilomita 100 mbele yako. Mgonjwa wa figo husafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Mpigie hesabu ya kona hizo, kwenda na kurudi, mara 3 kila wiki. Wengi wa aina hiyo huishia kupanga chumba mjini karibu na hospitali, na ile nyumba ya ndoto ikabaki na mlinzi.

Hapa kuna atakayesema: mbona Wachaga wanarudi Marangu na Rombo, na Wasambaa wanarudi kwao Usambara, na wanakaa hadi miaka 90? Kweli kabisa. Lakini Mchaga anayerudi Marangu anarudi kwenye kihamba. Kuna mdogo wake nyumba ya pili, kuna mke wa mpwa anayeleta mtori, kuna jumuiya ya kanisa itakayogundua Jumapili kwamba Babu hajaonekana. Akianguka bafuni, kelele yake ina masikio ya kuisikia. Wewe mzaliwa wa Kilwa uliyefanya kazi miaka 30 Ilala, ukipanda Lushoto ukiwa na miaka 60 unakwenda kuwa mgeni. Watu watakusalimia vizuri, maana Wasambaa wana adabu zao, lakini salamu ya barabarani haimgeuzi mtu ubavu akiwa mgonjwa. Marafiki waliokuahidi kuja kila mwezi watakuja mwaka wa kwanza, wapige picha, wanunue viazi na karoti za bei rahisi, waondoke. Na watoto wako wako Dar, Mwanza, Muscat, Minneapolis.

Tuje kwenye fedha. Nchi hii imegombana kuhusu kikokotoo cha mafao miaka kadhaa. Kanuni za 2018 zilizua kelele zikasimamishwa. Julai 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33 ya mafao. Kisha bajeti ya 2024/25 ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50 hapo zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Vyama vya wafanyakazi vilipigania kila asilimia. Halafu mtumishi yuleyule aliyekasirikia asilimia saba anauchukua mkupuo mzima, anaumwaga kwenye jengo lisilozaa kodi, mahali ambapo akitaka kuuza itabidi amtafute mwotaji mwingine kama yeye. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala au Morogoro ina mpangaji mwezi huohuo. Nyumba ya mandhari inasubiri Krismasi.

Walioogopa ujenzi nao wamepatiwa dawa: fleti. Sina ugomvi na fleti. Mzee bila bustani ya kupalilia ni mzee mwenye nafasi ya kupumzika. Lakini sheria ya kumiliki sehemu ya jengo tunayo tangu 2008, na bado kuna watu wanalipia ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, wakiwa na mkataba wa mauziano tu bila hati ya sehemu yao. Hawajauliza ada ya huduma ya kila mwezi ni kiasi gani, nani anaipandisha, na pampu ya maji ikiungua nani analipa. Pensheni ya mwezi haipandi kwa kasi ya ada hizo.

Mtu ataniambia Dar nayo inaua, joto la Januari halivumiliki. Silibishi, na wazee huumia kwa joto pia. Ila joto la Dar lina kiyoyozi cha chumba kimoja na feni, na kiyoyozi hicho hakikuhamishi mbali na Muhimbili. Asiyetaka kabisa pwani aende Moshi, chini ya mlima, ama Mbeya mjini penye hospitali ya rufaa ya kanda, na atafute tambarare.

Na anayeng'ang'ania kupanda, basi apange nyumba kwanza. Asiende Desemba, kila mahali ni pazuri Desemba. Akae masika yote, akae Juni hadi Agosti, aoge kwa maji ya bomba la kule, aulize gari la mwisho kushuka linaondoka saa ngapi na nani analo gari usiku. Baada ya hapo ndipo aitishe karatasi. Dalali akimwambia hati iko njiani, amwache dalali akaipokee.