Agamben alikosea, lakini swali lake libaki

Katika majadiliano yetu ya falsafa ya siasa hakuna aliyetugawa kama Giorgio Agamben. Mwitaliano huyu, aliyezaliwa Roma mwaka 1942, anadai kwamba serikali za leo, hata zile za kidemokrasia, zimezoea kutawala kwa hali ya dharura. Sheria husimamishwa kwa jina la usalama, na raia hubakiwa na uhai mtupu usio na haki.

Februari 2020, korona ilipoanza kusambaa Italia, aliandika kwamba hatari ilikuwa imekuzwa ili kuhalalisha amri za dharura. Baadhi yetu wanasema hapo alijimaliza. Majuma machache baadaye malori ya jeshi yalikuwa yakihamisha majeneza kutoka Bergamo. Rafiki yake Mfaransa, Jean-Luc Nancy, alimjibu kwa kumkumbusha kwamba miaka mingi nyuma alimshauri asiwasikilize madaktari waliotaka kumpandikiza moyo. Angemtii, angekuwa kaburini.

Wengine wetu wanashikilia makala yake ya Aprili mwaka huohuo. Aliuliza imekuwaje watu wakubali wapendwa wao wafe peke yao na kuondolewa bila mazishi. Akalilaumu pia Kanisa: chini ya Papa aitwaye Fransisko, limesahau kwamba Fransisko wa Asizi aliwakumbatia wenye ukoma, na kwamba kuwatembelea wagonjwa ni tendo la huruma.

Sisi tunaona lawama hiyo imepita kiasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jimbo la Bergamo pekee lilipoteza mapadre zaidi ya 20 katika majuma yale. Tena upendo wenyewe waweza kumdai mtu akae mbali asije akamwambukiza jirani. Maaskofu wa Italia walitii, lakini tarehe 26 Aprili walipinga hadharani mpango wa serikali uliozidi kuzuia Misa, na tarehe 18 Mei waamini wakarudi kanisani.

Hata hivyo, kukosea juu ya ugonjwa hakufuti swali. Hali ya dharura iliyotangazwa Italia tarehe 31 Januari 2020 iliongezwa muda mara kwa mara hadi 31 Machi 2022. Kwa hiyo tunasema kila dharura iulizwe mambo mawili: itakwisha lini, na ni nani atakayekaa na anayekufa?

La kwanza tuwadai watawala. La pili linatuhusu sisi tunaojiandaa kwa upadre. Usiku mmoja tutaitwa kwa mgonjwa ambaye kila mtu ameagizwa asimkaribie. Tutapaswa kuitii busara ya madaktari, lakini pia tutafute njia ya kumfikia, kwa mavazi ya kinga, kwa ruhusa iliyoombwa mapema, hata kwa kubisha hodi mara ya tatu. Tusipoyapanga hayo sasa, Agamben atakuwa amesema kweli juu yetu.